Shaaban Robert na nathari yetu: kila anayeandika Kiswahili leo ana deni kwake (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuandika kwa siku tatu, naomba mnivumilie hadi mwisho ndipo mnijibu.

Mwaka juzi tulimzika mama mmoja, jirani yetu hapa Tanga. Mumewe ni mzee aliyekula chumvi nyingi, fundi cherehani wa zamani. Tuliporudi makaburini tukakaa jamvini, kahawa inazunguka, na mzee alikuwa hajasema neno tangu alfajiri. Mara akaanza kwa sauti ya chini: "Amina umejitenga, kufa umetangulia." Akasita. "Kama ua umefunga, baada ya kuchanua." Marehemu hakuitwa Amina. Vijana waliokaa karibu yangu wakatazamana, wakidhani mzee kachanganyikiwa kwa huzuni hadi kalisahau jina la mkewe. Wazee wenzake walijua. Mmoja wao akamchukulia mstari wa mwisho: "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua." Jamvi zima likanyamaza.

Shairi hilo Shaaban Robert alimtungia mkewe, na limo katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka mwaka 1949. Yule mzee hakukisoma shuleni. Aliniambia baadaye kwamba alilipata kwa baba yake, na baba yake alikuwa akilisoma kwenye misiba ya watu.

Nilipofika nyumbani nikaufungua ule ukurasa na kuusoma polepole. Tazameni neno moja tu, funga. Katika mstari wa pili Amina amefunga kama ua lifungavyo jioni: amejikunja, ameondoka. Katika mstari wa mwisho neno lile lile linarudi, sasa ni mapenzi yaliyofungwa, na Mswahili yeyote akisikia hapo anasikia kufunga ndoa. Neno lililomwondoa mke ndilo linalombakisha. Kisha linaletewa kinyume chake, kufungua, na kinyume hicho kinakataliwa: hapana wa kufungua. Na jina lenyewe! Amina sote tumezoea kulisikia mwishoni mwa dua, mikono ikipitishwa usoni. Yeye amelitanguliza, shairi lake likaanzia pale dua inapoishia. Yote hayo ndani ya mizani nane kwa nane, vina vya nga na a, bila kuvunja hata kipande kimoja.

Sasa hoja yangu. Tukimtaja Shaaban Robert tunasema "baba wa fasihi ya Kiswahili", tunapiga makofi, tunaondoka. Mimi naona sifa hiyo imetufanya tusitazame alichofanya hasa. Washairi wakubwa wa Kiswahili walikuwapo kabla yake karne na karne. Yeye alichukua nidhamu ya ushairi, ile ya kupima kila neno kabla hujalitoa, akaiingiza katika nathari. Kabla yake nathari ya Kiswahili iliyochapwa ilikuwa ipo, msinielewe vibaya. Kulikuwa na Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, kulikuwa na Desturi za Waswahili ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, kulikuwa na Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela mwaka 1934. Kulikuwa pia na tafsiri nyingi za hadithi za Kizungu kwa ajili ya shule. Nyingi katika hizo zilikuwa nathari za kutoa habari. Mtu wa kuketi na kuipamba sentensi ya nathari kama anavyopamba ubeti, akaandika kwa namna hiyo riwaya, insha, tawasifu na wasifu, ni huyu karani wa Tanga.

Naam, karani. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Akasoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaingia idara ya forodha na kukaa humo miaka kumi na minane, sehemu kubwa Pangani. Mwaka 1944 akahamishiwa Mpwapwa katika idara ya mifugo, halafu akarudishwa Tanga, ofisi ya wilaya na baadaye ofisi ya upimaji ardhi. Hakuwa na chuo kikuu wala ruzuku ya kuandika. Mchana aliandika karatasi za serikali, usiku akaandika zake. Alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya uhuru, na vitabu vyake kadhaa vikatoka yeye akiwa tayari kaburini.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

#2 Mdau wa Mvita

Asalaam aleikum. Ndugu yangu mleta uzi, umeandika vizuri na kisa cha mzee kimenigusa. Lakini sisi watu wa Mvita, yaani Mombasa, lazima tuseme neno.

Kila mara mkimwita baba wa fasihi ya Kiswahili, mnafuta mababu. Muyaka bin Haji alikuwa akitunga Mombasa mwanzoni mwa karne ya 19, mashairi ya siasa, ya mapenzi, ya njaa, ya kupigana vijembe na watu wa Lamu na Unguja. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ametuachia Al-Inkishafi, ambayo ukiisoma unaona majumba ya Pate yakianguka mbele ya macho yako. Ukiweka beti za Shaaban Robert kando ya hizo, nisamehe, utaona lugha yake ni nyepesi. Ni Kiswahili cha Kamati ya Lugha, kile kilichosanifishwa kuanzia 1930 juu ya Kiunguja. Ladha ya Kimvita na Kiamu, lahaja za Mombasa na Lamu, haimo.

Sisemi hakuwa mkubwa. Nasema muweke pahala pake.

#3 Mleta uzi

Waaleikum salaam, ndugu yangu wa Mvita. Nakubaliana nawe kwa mengi. Ndiyo maana nilisema tangu mwanzo kwamba washairi wakubwa walimtangulia. Ila kuna jambo moja naomba tulitazame pamoja.

Ndani ya Maisha Yangu, baada ya kifo cha Amina, kuna tenzi mbili alizowatungia watoto wake, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mwana. Baba amebaki na watoto wasio na mama, anakaa kuwausia. Huo wa binti ukiusoma huku unaukumbuka wa Mwana Kupona, unasikia Pate inazungumza kupitia Tanga: mzazi anamwita binti akae karibu na kuandika wasia, kisha anaanza na dini, anashuka kwenye adabu, anashuka kwenye ndoa. Kwa hiyo mababu hawakufutwa. Aliwabeba. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona ametuachia utendi peke yake, na hali ya nyumba ile tunaibaini kwa kuihisi tu. Shaaban Robert ameuzungushia utenzi nathari. Ametueleza kwanza kifo, ametueleza upweke, ametueleza kazi ya kulea, ndipo akaleta utenzi. Msomaji anafika kwenye ubeti wa kwanza akiwa ameshaona kitanda kitupu.

Na kuhusu Kiswahili chepesi, hapo kwangu ndipo penye kiini. Asili ya wazazi wake ni Wayao. Hakuzaliwa katika ukoo wa malenga wa Lamu wala Mvita. Na ndiye aliyeandika mstari ambao kila ikifika 7 Julai, Siku ya Kiswahili, naukuta kwenye kurasa za watu: "Titi la mama litamu, hata likiwa la mbwa." Mtu wa asili ya Kiyao anakiita Kiswahili titi la mama. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Baada yake, Mgogo, Mhaya, Mkerewe, Mnyakyusa akaona kumbe mlango uko wazi. Mathias Mnyampala wa Dodoma alitunga kwa Kiswahili hicho hicho akatuachia ngonjera. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi, watu wa Kagera, wakaiita diwani yao Malenga wa Bara, na hilo jina ni salamu ya wazi kwa Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir. Lugha ile unayoiona nyepesi ndiyo iliyoingia Ukerewe na Songea bila mkalimani.

#4 Mdau wa Mvita

Hapo kwa utenzi wa binti umenipata. Sikuwa nimezisoma hizo mbili kwa pamoja. Nitarudi.

Na kwa faida ya vijana: huo mstari wa titi la mama, kipande cha pili mkikihesabu haraka mtapata mizani saba na mtadhani malenga kakosea. Ha-ta-li-ki-wa-la, hizo sita, halafu mbwa. M ya mbwa inasimama peke yake: m-bwa. Nane kamili. Lakini mstari unaofuata unaishia na "iliyofumbwa", na hapo mbwa hiyo ya mwisho ni silabi moja. Kina kimoja, hesabu mbili. Huyo hakuwa mwanagenzi, hilo nalikubali.

#5 Mdau wa Dar

Mimi nitasema lile ambalo watu hawapendi kulisikia. Shaaban Robert alitunukiwa nishani ya MBE na Waingereza. Alitunga utenzi wa beti zipatazo 3,000 kuhusu vita vya 1939 hadi 1945 akauita Utenzi wa Vita vya Uhuru. Uhuru wa nani? Watanganyika walipelekwa Burma kufia bendera ya mtu mwingine, na malenga wetu anauita uhuru. Wahakiki wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 70 walisema wazi kwamba ni mdhanifu, anawaza watu wema na watu wabaya badala ya wanaomiliki na wanaonyonywa. Riwaya zake zimejaa mafundisho. Jina la mhusika likitajwa tu umeshajua mwisho wake. Katika Adili na Nduguze, Adili ni mwema, Hasidi na Mwivu ni wabaya, hadithi imekwisha.

Naheshimu lugha yake. Fikra zake hapana.

#6 Mleta uzi

Mkuu, hoja nzito na sitaikwepa.

Utenzi wa vita ni mrefu na una sehemu zinazochosha, hilo nasema mimi ninayempenda. Kuna kurasa nzima za majina ya majemadari na miji ya Ulaya. Lakini jiulize kuhusu hilo jina. Mtu mweusi katika nchi inayotawaliwa anaambiwa na watawala kwamba vita hivi ni vya kupigania uhuru wa dunia. Anaichukua kauli yao na kuiandika juu ya jalada kwa herufi kubwa. Mimi nikilisoma jina hilo nasikia mtu anayetunza hati ya deni. Mmesema uhuru, nimeandika uhuru, mashahidi wapo.

Ushahidi wangu ni riwaya yake Kusadikika, ya mwaka 1951, nchi hii ikiwa bado mikononi mwa Waingereza. Nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno, na kosa lake ni kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Hilo tu: kutaka watu wajue sheria. Na utetezi wake ni nini? Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huko na huko kutafuta maarifa ya kuifaa nchi. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Kila mmoja alipata taabu safarini, akarudi na jambo la faida, na kila mmoja akalipwa kifungo. Siku ya kwanza ya kesi unaona bahati mbaya. Ya pili, kosa la watu. Ukifika ya nne umeshaelewa kwamba Karama hajitetei tena, anaishtaki serikali ndani ya baraza lake yenyewe, na baraza haliwezi kumkatiza kwa sababu ndilo lililomruhusu kuzungumza.

Hiyo imeandikwa na mtumishi wa serikali ya kikoloni. Angeandika "Tanganyika" badala ya "Kusadikika", kitabu kisingefika kwa mpiga chapa na pengine yeye mwenyewe asingefika kazini kesho yake. Jina la kubuni lilikuwa ngao yake.

Kuhusu majina ya wahusika: kweli, Hasidi ni hasidi. Lakini kisa cha Adili kina usiku ambao siusahau. Adili ana manyani wawili, na kila usiku lazima awachape. Anawachapa huku analia, kisha anawabembeleza. Manyani hao ni ndugu zake. Asili ya hadithi hiyo imo katika Alfu Lela U Lela, hakuibuni yeye. Lakini ameitengeneza kwa Kiswahili hadi huyo unayesema ni "mwema tu" amebeba mjeledi mkononi na machozi usoni, na mfalme Rai anataka kujua sababu. Huo si wema rahisi.

#7 Mdau wa Ukerewe

Naombeni nafasi. Nimefurahi kuona Ukerewe imetajwa.

Mimi ni mtu wa Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya na mashairi. Alizaliwa kwetu Namagondo mwaka 1944. Diwani yake Kichomi ilipotoka mwaka 1974 na mashairi yasiyo na vina wala mizani, walimu wa ushairi walimjia juu. Waliona anaibomoa nyumba iliyojengwa na kina Shaaban Robert na Sheikh Amri Abedi, yule aliyetuwekea kanuni za kutunga mwaka 1954. Mjadala ule uliendelea miaka na miaka magazetini na madarasani, na hadi leo ukimkuta mzee wa mashairi ya redioni ukamtajia mashairi huru, jiandae kukaa hapo hadi magharibi.

Lakini watu husahau jambo moja. Kezilahabi huyo huyo, alipofanya utafiti wake wa shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alimchagua Shaaban Robert. Alikaa naye. Alimsoma mstari kwa mstari. Mtu hawezi kukaa na kazi ya mwingine kwa miaka halafu akatoka mikono mitupu.

Na matokeo yake nayaona hivi. Rosa Mistika ya mwaka 1971 na Kichwamaji ya 1974 ni kama majibu kwa Shaaban Robert. Huko kulikuwa na binti mwema anayelindwa na wasia wa baba, huku tuna Rosa, ambaye ulinzi mkali wa baba ndio unaomharibia maisha. Huko mtu mwenye elimu anaiokoa nchi, huku elimu inampa mtu kichwa kizito na hakuna pa kukitua. Halafu baadaye, Nagona na Mzingile. Riwaya fupi zisizo na mji unaoweza kuuonyesha kwenye ramani, watu wanasafiri katika nchi za fikra. Niliposoma Nagona mara ya kwanza nilisema mwenyewe chumbani: huyu amerudi Kusadikika kwa mlango wa nyuma.

Alifariki Januari 2020 na sikuona hoja hii ikizungumzwa misibani. Ndiyo maana naiweka hapa.

#8 Mleta uzi

Kaka wa Ukerewe, shukrani sana. Hiyo ya wasia wa baba sikuwahi kuifikiria, na ni kweli tupu. Utenzi wa Hati na Rosa Mistika vingewekwa katika somo moja, wanafunzi wangejifunza mambo mengi juu ya baba wa Kitanzania.

Nitaongeza jingine, kwa sababu limenikaa moyoni. Kuna kitabu kiitwacho Barua za Shaaban Robert, barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958. Profesa Mulokozi ndiye aliyezihariri na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ikazichapa. Ulenge naye alikuwa mwandishi. Someni zile barua. Ni mambo ya nyumbani, fedha, watoto, ugonjwa, kazi, vitabu. Lakini hata anapoandika habari ndogo ya kifamilia, sentensi imekaa sawa, upande huu umepimwa na upande ule, kama ukwapi na utao, vile vipande viwili vya mstari wa shairi. Hakuwa akiivaa lugha ile kwa ajili ya wachapaji. Ndiyo iliyokuwa ikimtoka. Kwangu barua hizo zimemaliza ubishi wa kama nathari yake ni mapambo tu.

Na tusisahau Siti. Wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, ulioanza kuchapwa miaka ya 50. Mwandishi mwanamume, Mwislamu wa pwani, mtumishi wa serikali, anachagua mtu wa kumwandikia wasifu. Hakuchagua sultani, liwali wala shehe. Alimchagua mwanamke wa Fumba, mtoto wa watu wanyonge, aliyepanda kwa sauti yake hadi kupelekwa Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Leo tunaona ni jambo la kawaida kuandika maisha ya mwimbaji. Enzi hizo mwimbaji alialikwa harusini, akalipwa, akasengenywa. Kumwandikia kitabu kwa heshima ile ile wanayoandikiwa wakubwa kulikuwa kutamka hukumu juu ya nani anastahili kukumbukwa.

#9 Mwalimu wa Iringa

Wakuu, nimesoma tangu mwanzo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, mwaka wa kumi na moja sasa, na naomba niwaeleze hali ilivyo darasani, maana mnazungumza kana kwamba kila mtu ana yule mzee wa jamvini.

Wanafunzi wangu hawamsomi Shaaban Robert. Wanasoma vijitabu vya dondoo. Wahusika na sifa zao, dhamira, mbinu za kisanaa, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Wanakariri orodha, wanaiandika kwenye mtihani, wanaisahau kabla ya kufika geti. Nikimtaja wanafikiria majibu. Nakala za vitabu vyenyewe ni chache, darasa la watu sitini na zaidi tunagawana tatu au nne. Nami nakiri hapa: kuna miaka nimefundisha Kusadikika nikiwa nimechoka hadi nikasoma dondoo pamoja nao.

Kwa hiyo mkiniambia ana athari ya kudumu, nauliza kwa uchungu, athari hiyo iko wapi kwa kijana wa miaka kumi na saba wa leo? Mimi nampenda. Nilichagua ualimu wa Kiswahili kwa sababu ya Utubora Mkulima, yule mtu anayeacha kazi ya mjini na kwenda kulima na kuishi kwa jasho lake. Lakini siwezi kumpa mtoto mapenzi yangu kwenye karatasi ya maswali.

#10 Mleta uzi

Mwalimu, pole, na asante kwa ukweli huo. Mimi si mwalimu, sitakufundisha kazi yako. Nina ombi moja tu la mtu wa nje.

Usianze na Kusadikika. Anza na Amina. Ubeti mmoja ubaoni, bila kutaja mtunzi, bila kusema ni maarufu. Waache wahesabu mizani kwa vidole. Kisha waulize neno funga limefanya kazi gani mara mbili. Usiwape jibu. Ndiyo maana nilianza uzi huu na msiba badala ya kuanza na tarehe ya kuzaliwa. Yule mzee hakuhitaji nakala ya kitabu. Ubeti ulikuwa kinywani mwake.

Na kuhusu Utubora, nimeguswa. Riwaya hiyo ilichapwa mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, wakati nchi nzima inazungumzia kilimo na kujitegemea. Wengi waliisoma kana kwamba imeandikwa kwa ajili ya Azimio. Mwandishi alikuwa amekufa miaka sita. Lakini nikimsoma Utubora naona mtu anayetafuta utulivu wa nafsi, na jembe limemfikisha huko. Hakutumwa na mtu. Serikali ilipotuambia sote twende vijijini, hatukukumbuka kwamba Utubora alikwenda mwenyewe.

#11 Mdau wa Dar

Mleta uzi, nimerudi kuisoma tena hoja yako ya hati ya deni. Sijakubali yote. Utenzi wa vita bado unanikera. Lakini hilo la Karama kuishtaki serikali ndani ya baraza lake nitalisoma upya, maana mara ya mwisho nilisoma Kusadikika nikiwa kidato cha tatu, na nilisoma kama anavyosema mwalimu, kwa dondoo.

Mwenye nakala ya zamani aniambie inapatikana wapi.

#12 Mleta uzi

Mkuu, Mkuki na Nyota wamevirudisha vitabu vyake vingi sokoni, ulizia maduka ya vitabu ya hapo Dar. Za zamani za Nelson, zile za mfululizo wa Diwani ya Shaaban, huwa naziona mara mojamoja kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini barabarani. Bei ni maelewano. Ukizikuta, chukua usiwaze. Mtaa wa Makumbusho ya Taifa hapo mjini unaitwa Shaaban Robert. Ukipita nayo mkononi soma ukurasa mmoja ukiwa hapo hapo umesimama.

#13 Mdau wa Mvita

Nimerudi kama nilivyoahidi. Juzi usiku nimesoma Mwana Kupona na Utenzi wa Hati, kimoja goti hili na kingine goti lile. Mama yangu alikuwapo sebuleni. Nikamsomea wa Pate kwanza, akawa anaitikia, anaujua tangu utotoni. Nikamsomea huo wa Tanga. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Huyu baba, alioa tena?" Nikamwambia ndiyo, alioa tena. Akanyamaza, kisha akasema nimrudilie pale mwanzo.

Lugha nyepesi nimesema mimi. Mama hakulalamika.

#14 Mwalimu wa Iringa

Wakuu, samahani kwa kuchelewa, tulikuwa kwenye mitihani ya ndani.

Nilifanya. Kidato cha tatu, kipindi cha mwisho baada ya chakula, saa ambayo nusu yao huwa wamelala. Niliandika mstari wa kwanza, wa pili na wa mwisho ubaoni, bila jina la mtunzi. Nikawaambia wahesabu. Vidole vikainuka juu ya madawati. Kuna binti mmoja alikuwa wa kwanza kusema nane na nane. Nikauliza juu ya neno funga. Kimya kirefu. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye mwaka huu alimzika mama yake na tangu hapo ni mtu wa maneno mawili matatu kwa wiki, akasema bila kunyoosha mkono: "Mwalimu, la kwanza limefunga lenyewe. La pili wamefunga wao."

Nikamwomba arudie ili wenzake wasikie. Akarudia. Kisha akaniuliza kama shairi lina beti nyingine, na kama naweza kumwandikia.

Nilikuwa na nakala yangu kwenye mkoba, ile niliyonunua nikiwa chuo. Nimempa aende nayo bwenini. Hajairudisha bado.